Kula kwanza, mwanangu, ndipo ununue

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku baada ya kufunga duka. Unasema semina yenu ya Dubai ni ya siku tatu, umeomba ruhusa ukae tatu nyingine, una dola 500 zako mwenyewe, na unaniuliza ule wapi na ununue wapi hela zisikuishie njiani. Mwishoni ukaongeza kwamba utabeba biskuti na karanga za kutosha ili usipoteze pesa kwenye chakula. Hizo biskuti ndizo zilizonikosesha usingizi.

Safari yangu ya kwanza, mwaka 2006, nilifanya hivyo hivyo. Nilibeba visheti na mayai ya kuchemsha, nikaapa sitoi dirham, hela ya kule, hata moja kwa ajili ya tumbo, kila kitu kiende kwenye madera na mashuka. Ilikuwa Julai, na joto la Julai kule si hili letu la Dar. Ukitoka dukani ni kama umefunuliwa tanuri la mikate usoni. Siku ya tatu, saa nane mchana, nikiwa kwenye kichochoro kimoja cha Naif, mtaa wa maduka pale Dubai, macho yakaingia giza, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi za duka la watu. Na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeshalipia dazeni nne za madera bila kufungua hata moja, kwa kuwa nilichotaka ni kumaliza tu nikalale. Nilipozifungua usiku, zaidi ya dazeni moja ilikuwa imefumuka mishono au ina madoa. Kesho yake muuzaji alikataa kuzipokea. Hasara ile ingenilisha biriani safari nzima.

Aliyeninyanyua pale kwenye ngazi alikuwa mzee wa Kiomani, kanzu na kofia yake, akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Mwanangu, umekula?" Akanipeleka kwenye mkahawa wa meza nne, wapishi wake Wahindi wa Kerala. Akaniagizia chai nzito ya maziwa na iliki, wenyewe wanaiita karak, na chapati ya tabaka tabaka kwa mchuzi wa dengu. Chai ilikuwa dirham 1. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki namwombea dua mzee yule.

Kwa hiyo biskuti ziache nyumbani. Kila mji una mama ntilie wake, na wa Dubai yuko Deira, Satwa, Karama na Bur Dubai. Saa saba mchana angalia vijana waliovaa ovaroli wanaingia wapi, nawe ingia hapo hapo. Utaletewa wali, kuku na mchuzi, na sehemu nyingi watakuwekea kachumbari bila kukudai. Kwa dirham 15 hadi 20 unashiba. Karak imepanda kidogo tangu enzi zangu, ila bado ni chai ya mtu wa kawaida. Supermaketi kubwa kama Lulu nazo zina kaunta ya chakula cha moto; unachagua, unafungiwa, unakwenda kula chumbani. Maji nunua huko huko, usiguse yale ya kwenye friji ya hoteli. Na kama wenzako watataka kukaa mara moja mbele ya Burj Khalifa mnywe kitu, nenda nao, ila soma maandishi madogo chini ya menyu uone kama ada ya huduma imo kwenye bei au inakuja juu yake.

Jambo moja la kula ulishike sana: ndani ya metro hakuliwi wala hakunywewi, hata big'iji. Faini ni dirham 100. Ukitaka kuvuka hori kutoka Deira kwenda Bur Dubai, panda abra, ile boti ya mbao. Nauli ni dirham 1, na upepo wake unakurudisha akili kabla hujaingia dukani.

Sasa manunuzi. Dola moja ni dirham 3.67, haijabadilika tangu 1997, kwa hiyo anayekupa 3.40 ameshakula chake. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu cha nauli, nyingine kabadilishe Deira. Ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa dirham, chagua dirham. Hiyo shilingi inaonekana kama msaada, lakini kiwango chao huwa kibaya.

Siku ya kwanza usinunue kitu. Tembea Naif, Al Sabkha na Murshid, uliza bei maduka matatu, andika kwenye simu. Kesho yake rudi ukiwa umeshiba. Fungua kila nguo, vuta mshono kwa vidole gumba viwili, igeuze nje ndani, ndipo utoe pesa. Simu, kama utanunua, bonyeza *#06# uone namba yake ya utambulisho (IMEI) inalingana na ya kwenye boksi. Unakumbuka TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walivyozima zile za bandia Juni 2016, watu wakabaki na vioo.

Kuhusu hereni za dhahabu unazotaka kumnunulia bibi yako: bei ya dhahabu ya siku inabandikwa, ni moja soko zima, usipoteze mate hapo. Pa kubishania ni gharama ya ufundi, ambayo kila duka linajipangia. Ipimwe mbele yako, na gramu na karati ziandikwe kwenye risiti. Duka likiwa kwenye mpango wa kurudishia watalii kodi na umenunua kuanzia dirham 250, onyesha pasipoti wakuandikie. Kodi yao ni asilimia 5, hurudishiwi yote, lakini uwanjani pitia dawati lao kabla hujakabidhi mabegi.

Begi lipime usiku wa kuondoka. Kilo zilizozidi zinaweza kula faida yote ya kupatana bei wiki nzima.

Mimi niletee tende tu, aina ya khalas, kilo mbili, kutoka Waterfront Market pale Deira. Uonje kabla ya kupimiwa.

Simu za WhatsApp kule hazipigiki, ila picha zinafika. Nitumie picha ya sahani yako ya kwanza.

Mama yako