Ukianza kukusanya riwaya za kale za makauboi, usiuamini mwaka peke yake

Utakutana na Riders of the Purple Sage ya Zane Grey, jalada gumu, na kwenye ukurasa wa hakimiliki pameandikwa 1912. Kabla hujatoa hela, angalia chini ya mgongo wa kitabu kuna jina la nani. Waliokitoa kwanza ni Harper & Brothers. Ukikuta Grosset & Dunlap, hiyo ni chapa ya marudio, na huenda imepigwa miaka mingi baadaye. Kampuni hiyo ya New York ilikuwa ikitumia bamba zilezile za kuchapia za mchapishaji wa kwanza ili iuze kwa bei nafuu, kwa hiyo mwaka wa zamani ulihamia kwenye nakala mpya pamoja na maneno mengine yote.

Umri wa nakala utaupata kwenye matangazo. Soma orodha ya vitabu vingine iliyopo kurasa za mwisho na nyuma ya karatasi inayofunika jalada, kisha tafuta kilichotoka karibuni zaidi. Ikiwa Nevada, riwaya nyingine ya Grey, imo, nakala yako haikupigwa chapa kabla ya 1928. Lakini kitabu kukosekana kwenye orodha hakuthibitishi kitu, maana orodha za zamani zilitumika tena na tena. Linganisha pia orodha ya ndani na ya nje. Zikipishana sana, yawezekana karatasi hiyo ilitolewa kwenye nakala nyingine.

Karatasi hiyo ndiyo inayopandisha bei, kwa sababu wasomaji wengi waliitupa. Ikiwa imechanika usiibandike selotepu. Gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na doa halitoki. Ivishe plastiki angavu ya kuhifadhia vitabu, basi.

Wapo watakaokuambia chapa za marudio ni takataka. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Hizi ndizo nakala ambazo watu wa kawaida wa Marekani walimudu kununua, na zile zilizowekwa picha za filamu za zamani zisizo na sauti zina raha ambayo hata toleo la kwanza halina.

Ukinunua kwa mbali, mwombe muuzaji picha za mgongo, ukurasa wa hakimiliki, kila orodha ya matangazo na maungio ya jalada kwa ndani. Muulize pia kama kinanuka ukungu. Akikwepa swali hilo, kiache.