Tukiwa watatu tu, tayari ni kosa?

SWALI: Mama Wakili, shikamoo. Tulisimama akina mama wanne nje ya soko hapa Mombasa, tukizungumzia bomba lililokauka. Askari akatuamuru tutawanyike, eti kuanzia watatu ni mkutano haramu. Ni kweli?
Muuza samaki

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo ni nusu ya sheria. Kifungu cha 78 cha Kanuni ya Adhabu kinataja watatu au zaidi, ndiyo, lakini lazima wawe na nia ya kutenda kosa, au mwenendo wao uwatie majirani hofu ya haki kwamba amani itavunjika. Ndoo tupu na maneno ya uchungu havitoshi. Katiba nayo, kifungu cha 37, inakupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha.

Hata hivyo ukiamriwa uondoke, ondoka. Namba ya askari ishike kichwani, lalamika baadaye.

Mkitaka kuandamana, mpelekeeni mkuu wa kituo cha polisi notisi, siku 3 hadi 14 kabla. Hiyo ni taarifa, si kuomba ruhusa! Nakala yenu igongwe muhuri. Nimeona nakala kama hiyo, wino umefifia, ikimtoa kijana mahabusu. Mamake aliifunga kwenye pindo la leso.