"Si lazima" sio "must not", mimi iliniliza

Juzi mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, anasema dada tenses zote 12 nimezikariri, form four Kiingereza nilipata B, ila nikiongea na mzungu najichanganya mpaka naona aibu, nifanyeje? Nimeisoma mara tatu. Huyo ni mimi kabisa miaka saba iliyopita, kwahiyo acha nimjibu hapa na wengine msome.

Nilianzia Arusha, kampuni ya utalii, kazi yangu kujibu imeili za wateja wa safari. Siku moja mteja kauliza kama hela ya kushikia nafasi anatakiwa ailipe leo leo. Kichwani nikawa na jibu zuri tu, si lazima ulipe sasa. Lazima si ndo must, na neno "si" ndo not, basi nikaandika "You must not pay now", nikatuma, nikaenda zangu kunywa chai. Jioni anajibu, kwani akaunti yenu ina shida gani? Yani nimemkataza kabisa asilipe! Nilitakiwa niseme "You don't have to pay now". Yule mteja hakurudi tena, na bosi akaisoma ile imeili kwa sauti mbele ya madereva na watu wa mapokezi, wakacheka mpaka basi. Nililia chooni. Kosa lilikuwa langu sikatai, lakini angeniita pembeni akanielekeza ningeelewa vilevile, na hilo mpaka leo linaniuma.

Kuanzia hapo nikaacha kukariri majedwali, nikaanza kujiuliza Kiswahili changu kinasema nini hasa. Chukua hii -me- yetu. Mtu akipiga simu ya bosi na bosi yuko kitandani tunasema amelala, ukipeleka neno kwa neno unapata "He has slept", wakati mwenzio anataka kujua sasa hivi yukoje, kwahiyo ni "He is asleep". Tunasema nimefika jana na hakuna anayeshtuka, ila "I have arrived yesterday" haipo, ukishataja jana ni "I arrived" basi.

Na hii ilinikosesha kazi, naamini hivyo. Kwenye intavyuu nikaulizwa uzoefu, nikasema "I worked there for three years" na wakati huo kazini bado nipo! Wakaanza kunibana kwanini niliacha, nikababaika, wakaona nadanganya. Kiswahili nimefanya kazi pale miaka mitatu inabeba yote mawili, uliyeacha na uliyepo. Kiingereza kinakulazimisha uchague, kama bado upo sema "I have worked". Mwezi huu nimekaa tena mbele ya paneli, swali likaja lilelile, nikajibu "I have worked in reservations for seven years" bila kupepesa macho, na barua ya ajira ninayo. Namshukuru Mungu, na najipongeza, maana nimesota.

Sasa wadogo zangu, acheni kukariri 12 zote kwa pamoja. Shika zile unazotumia kazini, ziseme kwa sauti kila siku, kosea, rekebisha, rudia. Na msidharau could na would. Sisi heshima tunaiweka kwenye naomba, wenzetu wanaiweka humo, ukimwambia mgeni "I want your passport" anasikia amri wakati wewe umeomba kwa adabu zako zote, mwambie "Could I see your passport, please?" uone uso unavyobadilika. Anayekucheka muache acheke, wewe soma, hakuna aliyezaliwa anajua!

Na wewe uliyeniandikia, nitumie sentensi tano unazosema kila siku hapo kazini kwako, kwa Kiswahili hivyohivyo, usitafsiri hata moja. Tutaanzia hapo.