Mwanamke wa Kijani kwenye Mlango wa Kabati

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, kwanza jikoni nikikuna nazi, halafu barazani baada ya alasiri, maana jikoni maneno ya mwisho yalinipotea. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanisumbua asubuhi. Wadogo zako wanakusalimu.

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo. Ulipokuja Idi ulifungua kabati langu la rangi za uso ukitafuta wanja, ukaiona ile picha ya mwanamke mwenye ngozi ya kijani niliyoibandika ndani ya mlango, na chini yake nimeandika kwa kalamu: Rubani. Unataka kumjua ni nani. Halafu ukauliza, na hapo ndipo ulipocheka, inakuwaje mama asiyepanda hata boti ya kwenda Unguja akae na picha ya rubani ndani ya nyumba miaka yote hii. Yote nitakujibu, ila la pili litanichukua muda kulifikia.

Anaitwa Susan Oliver, mwigizaji wa televisheni wa Marekani. Alizaliwa New York mwaka 1932, jina lake la kuzaliwa Charlotte Gercke, akafariki kwa saratani Mei 1990 akiwa na miaka 58. Kazi aliyoifanya wewe unaijua kuliko mimi, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo yako: wiki hii umekuwa mke wa mtu fulani kwenye mfululizo huu, wiki ijayo u mfungwa kwenye mfululizo mwingine, unaingia, unalia vizuri, unatoka, na mtazamaji anabaki akisema "huyu dada nimemwona wapi?" Nyota walikuwa wengine. Yeye alikuwa yule anayeitwa mgeni wa kipindi, na aliitwa mara nyingi sana kwa sababu alikuwa anajua kazi.

Mimi nilimjua kwa njia ya rangi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwapamba wanafunzi kwa mchezo wa jukwaani wenye jini wa baharini, na mwelekezaji akataka jini awe wa kijani. Rangi za dukani hatukuwa nazo. Nikachukua manjano nikayatwanga, nikachanganya na buluu ya kufulia nguo na mafuta ya nazi, nikakoroga ndani ya kifuu. Kijani kikapatikana, tena kizuri, kama jani changa la mgomba. Lakini taa zilipowaka yule msichana akaanza kutoka jasho, na rangi zikaachana. Buluu ikakimbilia shingoni, manjano yakang'ang'ania mashavuni, na siku tatu nzima akatembea mjini uso wake kama mwali aliyetolewa ndani. Nililia siku ile. Nilikuwa bado kijana na niliona nimemharibia.

Mgeni mmoja aliyekuja kufundisha kwa muda akaniambia njoo nikuonyeshe mwenzio. Akaweka kanda ya video. Kilikuwa kipindi cha kwanza kabisa cha Star Trek, ule mfululizo wa Marekani wa safari za kwenye nyota, kile cha majaribio kilichopigwa mwishoni mwa mwaka 1964 na kampuni ya televisheni ikakikataa, ikaagiza kitengenezwe kingine. Humo Susan Oliver ni mwanamke anayeitwa Vina, na kwa dakika chache anageuzwa kuwa mcheza ngoma wa sayari nyingine, wa kijani kuanzia paji la uso hadi nyayo. Mgeni akanieleza kisa ambacho mpaka leo nawasimulia wanaojifunza kwangu. Walipojaribu ile rangi mara ya kwanza, kwa kumpaka mwigizaji mwingine, filamu ilirudi kutoka kusafishwa uso ukiwa wa kawaida kabisa. Wakapaka tena, kijani zaidi, ikarudi vile vile. Kumbe fundi wa kusafisha filamu, kwa bidii yake yote, alikuwa anairekebisha rangi akidhani imeharibika! Basi nikajua kwamba hata wenye vifaa vyote kijani kiliwatoa jasho.

Halafu, akiwa anatoa kanda, akasema kama kitu kidogo tu: "Na huyu mama alikuwa rubani, alishinda mashindano ya ndege." Hapo ndipo nilipomwomba picha. Akanikatia kutoka kwenye gazeti lake.

Tangu hapo nimeokota habari zake kidogo kidogo, na miaka hii ya simu nimepata nyingi. Sikiliza sasa, maana hili ndilo lililonifanya niandike lile neno.

Februari 1959 alikuwa abiria kwenye Boeing 707 iliyotoka Paris kupitia London kwenda New York. Usiku, katikati ya Bahari ya Atlantiki, rubani mkuu alikuwa ametoka kwenye chumba chake kwenda kuzungumza na abiria, na mtambo unaoiendesha ndege yenyewe ukajiachia bila mtu kuona. Ndege ikainama, ikaanza kuzama. Kutoka kwenye futi 35,000 ilishuka hadi kama futi 6,000. Nimepiga hesabu kwa mita ili nielewe: mlima Kilimanjaro una mita 5,895, na hiyo ndege ilianguka urefu wa Kilimanjaro nzima na nusu yake tena. Rubani alitambaa mpaka akafika kwenye kiti chake, na wakaweza kuiinua. Wote walishuka salama, huko Kanada.

Baada ya hapo Susan hakutaka kusikia habari za ndege. Kama mwaka mzima alikataa kuruka, hata kazi ikimfuata, labda iwe mahali pa kufika kwa treni au gari. Fikiria mwigizaji asiye nyota, anayeishi kwa kuitwa, anakataa kuitwa. Ilibidi atibiwe kwa kulazwa usingizi wa maneno, ule wa mtu kuongozwa kwa sauti, ndipo akaweza kukaa tena kwenye kiti cha abiria.

Sasa angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Julai 1964 mtangazaji mmoja wa habari wa Los Angeles, Hal Fishman, akamchukua jioni moja kwenye ndege ndogo aina ya Cessna, wakazunguka juu ya taa za mji. Kesho yake akarudi uwanjani mwenyewe kuanza masomo ya urubani. Kesho yake, mwanangu! Miezi michache kabla hajapakwa kile kijani. Kwa hiyo unapomwona Vina anacheza ngoma kwenye ile kanda, ujue ni mwanamke ambaye wakati huo huo alikuwa anajifunza kushika usukani wa kitu kilichotaka kumuua.

Na hofu haikumwacha kistaarabu. Mwaka 1966, akiwa katika maandalizi ya safari yake kubwa, alipanda ndege ndogo iliyoendeshwa na mwingine, ikagonga waya na kuanguka. Akatoka na majeraha madogo. Mwaka uliofuata, 1967, akaondoka New York peke yake kwenye ndege ya injini moja, Aero Commander 200, akaivuka Atlantiki ile ile, akatua Denmark. Alitaka kufika Moscow, ila Wasovieti hawakumpa ruhusa ya kuingia kwenye anga yao. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa nne kuivuka bahari hiyo peke yake kwa injini moja. Mimi hiyo injini moja ndiyo inayonitetemesha. Ikizima, hakuna ya pili, na chini ni maji tu.

Mashindano yenyewe yalikuja mwaka 1970. Wanawake marubani wa Marekani walikuwa na mbio zao za kuvuka nchi nzima, zilizoanza mwaka 1947, na watu waliziita Powder Puff Derby, maana yake mbio za kile kidude laini cha kujipakia poda. Jina hilo lilianzia kwenye utani wa mchekeshaji Will Rogers mwaka 1929, wanawake walipofanya mashindano kama hayo kwa mara ya kwanza. Wao wakalichukua wakaruka nalo. Kwangu mimi niliyekula na kuvaa kwa poda na vidude vyake, jina hilo halina aibu yoyote. Susan aliruka pamoja na rubani mwenzake, Margaret Mead, maili 2,760, yaani kama kilomita 4,440. Wakashinda.

Utapenda jinsi yalivyochezwa. Aliyetua wa kwanza si lazima awe mshindi. Kila aina ya ndege iliwekewa kasi yake mapema, na rubani alishindana na kasi hiyo: nani ameipita kwa kiasi kikubwa zaidi. Hivyo ndege dogo dhaifu liliweza kulishinda kubwa, kama wenye nalo walijua kuusoma upepo, kuona kwamba juu kidogo kuna unaosukuma na chini kuna unaorudisha, kuona kwamba hapa ni pa kungoja na hapa ni pa kwenda. Si ndivyo unavyonieleza ngalawa zenu za mashindano zinapotoka hapa ufukweni kaskazi ikianza kuvuma? Kwamba aliye na tanga kubwa si yeye anayefika.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kazi yake. Mwaka 1976 ilitengenezwa filamu ya televisheni kuhusu Amelia Earhart, yule rubani aliyepotea juu ya Pasifiki mwaka 1937. Susan hakupewa kuwa Amelia. Alipewa kuwa Neta Snook, mwanamke aliyemfundisha Amelia kuruka. Nafasi ya pembeni, kama kawaida yake. Na kwa nafasi hiyo ndipo alipotajwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani. Huyo mtayarishaji wako anayenung'unika kwamba jua la baharini linakubadilisha ngozi, na kwamba mikono yako ina sugu za kamba kwa hiyo hufai kuwa bibi harusi kwenye tamthilia, muulize atampa nani siku akihitaji mwanamke anayejua kushika kamba.

Sasa swali lako la pili.

Wewe umekua ukisikia kwamba mama anaugua kichefuchefu cha baharini. Si kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, tulikuwa kikundi cha ngoma, tumealikwa Unguja kwenye harusi. Tuliondoka alfajiri kwa jahazi, kusi kali. Mbele kidogo foromali, ule mti unaobeba tanga, ikavunjika, tanga likaanguka majini, likajaa maji na kuanza kukivuta chombo upande mmoja. Nahodha akapiga kelele tukae upande wa pili, na mimi nilikuwa nimeshika ngoma, siiachi, kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Mtu mmoja akaninyang'anya, akanipa kopo, akaniambia nifue maji yaliyoingia chomboni. Nikafua mpaka kucha zikatoka damu. Ninachokumbuka vizuri si mawimbi, ni harufu ya maji ya ngamani, kule chini kabisa chomboni, harufu ya papa na mafuta, na ile ngoma ikielea mbali kidogo na sisi ikizunguka polepole. Wavuvi ndio waliotukuta. Hakufa mtu.

Tangu siku hiyo sijakanyaga chombo. Na wewe ulipoanza ngalawa nilifurahi nikaogopa, nikaficha kuogopa. Kila siku ya mashindano yenu mimi huwa na pilau ya kupika, au mgonjwa wa kumtazama. Mara nne umefika mshindi wa kwanza au wa pili, na mara zote nne nilikuwa nyumbani, dirisha la upande wa bahari nimelifunga. Nisamehe kwa hilo. Haikuwa kazi za nyumbani. Nilikuwa siwezi kuliangalia tanga lako bila kuliona lile lingine likilala majini.

Ile picha, basi, niliiweka pale kwa ajili hiyo. Kila asubuhi nilipofungua kabati nilikutana na mtu aliyeanguka kama mimi halafu akarudi. Nilimpenda, na siku nyingine nilimwonea wivu nikafunga mlango haraka.

Juzi, baada ya kusikiliza kicheko chako, nilishuka ufukweni kabla jua halijapanda. Maji yalikuwa yamekupwa, ngalawa zimelala kwenye mchanga. Ile yenu nikaijua kwa kiraka cha buluu kwenye tanga. Yule kijana anayewalindia alikuwa anaziba nyufa kwa pamba na mafuta, nikamwomba nikae ndani. Akanifutia ubao kwa kanga yangu mwenyewe. Nikakaa. Tukazungumza habari za bei ya mbao, habari za mkewe aliyejifungua. Maji yakaanza kujaa. Kwanza yaliingia chini kimya kimya, halafu yakaanza kugonga ubavuni, halafu nikasikia mgongo wa chombo unakwaruza mchanga, unaacha, unakwaruza tena. Nilikuwa nimeshika pande zote mbili kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Kisha haukukwaruza tena.

Akaniuliza, "Mama, nishike kamba?"

Nikamwambia aishike. Lakini sikushuka, mwanangu, mpaka jua likawa juu ya minazi.

Mama yako.