Meno 15, 16 au 17 mbele: yaliyonikuta kwenye pikipiki yangu ya zamani

Umeuliza kama kufunga sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) kubwa zaidi mbele kutapunguza kelele za injini ya pikipiki yako kongwe uwapo barabara kuu. Zitapungua, ila utapoteza nguvu ya kuvuta, na mimi nililigundua hilo baada ya kufunga, si kabla.

Pikipiki yangu, ya silinda moja na gia nne, ilikuwa na meno 15 mbele na 45 nyuma. Ukigawanya 45 kwa 15 unapata 3, maana yake shafti ya giaboksi huzunguka mara tatu ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Nilipochoka kuisikia injini ikilia, nilirukia meno 17, uwiano ukawa 2.65. Mwendo uliokuwa ukidai mizunguko 5,000 kwa dakika sasa ulidai 4,400 hivi, na kwenye tambarare nilifurahi kweli. Kilima cha kwanza kilinirudisha gia ya tatu, upepo wa mbele vilevile, na mwendo wa juu kabisa ukashuka badala ya kupanda, kwa sababu gia ya nne ilikuwa nzito kiasi kwamba injini haikuweza tena kufikia mizunguko inakotoa nguvu zake zote. Hata kuondoka kulikuwa taabu, kwani ilinilazimu kuishikilia klachi muda mrefu kuliko inavyopenda.

Nilishuka hadi meno 16, uwiano wa 2.81, na hapo nimebaki. Kumbuka kwamba kwa sproketi za ukubwa huu, kuongeza jino moja mbele ni sawa na kupunguza matatu hivi nyuma: meno 15 mbele na 42 nyuma hutoa 2.80. Kwa hiyo majaribio ni rahisi kuyafanya mbele, na marekebisho madogo madogo hufanyika nyuma.

Katika kufungua, legeza nati ya sproketi ya mbele wakati cheni ingali mahali pake, pikipiki ikiwa kwenye gia na mtu mwingine akikanyaga breki ya nyuma. Mimi nilitoa cheni kwanza, kisha nikahangaika na shafti iliyozunguka pamoja na spana. Kama pikipiki yako ni Triumph au BSA ya zamani, jipange kwa kazi kubwa zaidi, maana sproketi hiyo kwa kawaida imejificha nyuma ya klachi. Kabla ya kurudisha kifuniko, zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize: meno yangu 17 yaliifanya cheni ikwaruze kifuniko kwa ndani. Kila jino linaloongezwa mbele huvuta ekseli ya nyuma mbele kwa takribani milimita 3, basi hakikisha nafasi ya kurekebishia ipo, na klipu ya kiungo cha cheni ielekeze upande wake uliofungwa kule cheni inakokwenda.

Usifunge sproketi mpya na cheni iliyochoka. Kwenye cheni ya saizi 428 umbali wa pini hadi pini ni milimita 12.7, hivyo pingili (viungo vya cheni) 20 zikivutwa sawasawa hupima milimita 254. Zikifika 259, cheni hiyo itaila sproketi mpya upesi. Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: idadi ya pingili huwa shufwa, kwa hiyo cheni ya pingili 96 kwenye meno 16 hukutanisha kila jino na pingili zilezile sita siku zote, ilhali meno 15 au 17 husambaza uchakavu vizuri zaidi. Mimi nimelikubali dosari hilo kwa ajili ya uwiano.

Mwisho, chunguza waya wa spidomita unakotoka. Ukitoka gurudumu la mbele, hakuna kitakachobadilika. Ukitoka kwenye giaboksi, kuhama kutoka 15 kwenda 16 kutaufanya mshale usome 75 wakati kwa kweli unakwenda 80.