Shamba langu limekuwa gumu kama sakafu

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nina ekari tatu za mahindi hapa Kongwa. Kila mwaka nafyeka mabua na kuyachoma, ndipo trekta liingie. Siku hizi mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia korongoni, na shamba likikauka jembe linadunda. Jirani ananiambia niyaache mabua. Si nitakuwa nafuga mchwa? – Mama Wawili, Kongwa

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Kwanza nenda ukatazame ukuta wa nyumba yako kwa nje. Unaliona tope lililorukia juu karibu usawa wa goti? Limerushwa na matone ya mvua tu. Shamba tupu linapigwa hivyo hivyo. Tone linavunja mabonge, udongo laini unaziba vitundu, juu panaganda utando, maji yanakosa pa kuingilia. Mabua yangekipokea kipigo hicho.

Lawama si yako peke yako. Nilipangiwa Kondoa mwaka 1982, miaka mitatu baada ya Serikali kuondoa mifugo kwenye eneo lililomomonyoka, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO). Vile vilima havikumwagiwa mbolea na mtu. Majani yalijirudia yenyewe, kisha vichaka, na ardhi ikaanza kutulia. Nilikuwa nayaona hayo kila siku, halafu jioni nakwenda kijijini kumsifu mkulima mwenye "shamba safi", lililofagiliwa kama uwanja wa harusi!

Mchwa watakuja, sikufichi. Ila wao hupenda kikavu. Wakikuta mabua chini, mara nyingi mahindi mabichi huyaacha. Na njia wanazotoboa ndizo maji yanamopita. Usiyafukie tu: mabua makavu yakifukiwa, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mahindi naitrojeni, kile chakula kinachoyapa majani ukijani, ukaona majani ya njano.

Kazi iko kwa ng'ombe. Baada ya mavuno kila mtu anafungulia mifugo, na mabua hayamalizi wiki. Ongea na majirani mapema, ikibidi wape ya ekari mbili ubaki na ya moja. Ekari hiyo ichanganye na mbaazi katikati ya mistari. Mahindi yakishavunwa zenyewe bado ni kijani, zinaangusha majani na kufunika ardhi.

Mvua ya kwanza ikikatika, chimba kishimo ndani ya ekari hiyo na kingine nje yake, palipo tupu, upime kwa mkono unyevu umeshuka kiasi gani. Uniandikie.