Mwanangu amegawa sweta lake la shule. Je, niende kulidai?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nipo Nkuhungu, Dodoma, nauza vitumbua. Mwanangu wa darasa la tatu amerudi na shati tupu, sweta amemvalisha mwenzake. Ananiambia, "Mama, yule anatetemeka kila asubuhi." Baba yake kamchapa. Ustadhi mmoja hapa mtaani anasema hiba, yaani zawadi, ya mtoto haisihi, nikalidai, na kwamba thawabu hamna kwa kuwa aliyepewa ni Mkristo. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, swali lako nimelitanguliza kwa ajili ya huyo ustadhi, na zaidi kwa ajili ya zile fimbo.

Kwamba hiba ya asiyebaleghe haipiti, kweli, ndivyo tulivyosoma katika madhehebu ya Shafi. Lakini hukumu hiyo imewekwa ili mtoto asilaghaiwe mali yake. Haikuwekwa ili mtu mzima aende akamvue mtoto wa mwenzake sweta na upepo huu wa Julai. Kama ulilinunua avae tu, mali ni yako: sema moyoni umelitoa, imekwisha. Kama ulimpa liwe lake kabisa, mnunulie jingine badala yake, haki yake itakuwa imerudi. Hapo pana haja gani ya kudai?

Hilo la Ukristo ndilo lililoniudhi. Ustadhi amesikia kwamba zaka, ile ya faradhi, kwa kauli ya wanazuoni wengi, hapewi asiye Mwislamu, akaibeba hukumu hiyo na kuitua juu ya kila sadaka. Aisome Suratul Mumtahina, aya ya 8: Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Katika Suratul Insan wanasifiwa wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, na mfungwa wa zama zile alikuwa mshirikina. Akitaka habari ya nguo yenyewe, ipo katika hadithi za Bukhari: Sayyidna Umar alipewa vazi na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akampelekea ndugu yake wa Makka ambaye bado hajasilimu. Leo mtoto wa Nkuhungu akifanya kama Umar, anaambiwa amepoteza! Huyo mwenzake wanakaa dawati moja, pengine mama zao wananunua mboga genge moja.

Na thawabu anayo. Mwanamke alimnyanyua mtoto wake mbele ya Mtume akauliza kama naye ana hija. Akajibiwa naam, nawe una ujira. Kalamu ya madhambi ndiyo iliyonyanyuliwa kwa mtoto. Mema yake yanaandikwa, na wewe uliyemlea una fungu lako.

Sasa fimbo. Mtoto amechapwa kwa jambo jema, na atakachokumbuka ni maumivu. Baba yake amwite, ampake mafuta kwa mkono wake mwenyewe, amwambie: ulichofanya ni kizuri, siku nyingine tuulize kwanza. Najua sweta ni vitumbua vya siku kadhaa, na hasira ya baba huenda ilitoka mfukoni kuliko moyoni. Hata hivyo asimwachie mtoto deni hilo.

Yule mwingine msimwendee nyumbani kwa maswali, mtawafedhehesha wazazi wake. Mwone mwalimu wa darasa faraghani, umwulize kama pana shida nyingine pale kwao. Na sweta jipya likipatikana, lishonee jina la mwanao ndani ya kola, maana ya shule yote yanafanana.

Wallahu a'lam.